Boti ya alumini iliyovuja kwenye riveti: nilivyoiziba

Boti kuukuu ya alumini, futi 14, iliyounganishwa kwa riveti (pini zenye kichwa nje na mkia uliopondwa ndani), ilikuwa ikijaza ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti, ndoo mbili za maji kwa saa. Silikoni ya ndani ilishika wiki moja ikabanduka. Rangi nzito nayo haikufua dafu. Silikoni huongeza kazi tu: ukibaki hata utando mwembamba, hakuna gundi nyingine inayoshika hapo.

Niliikwangua yote, nikasugua kwa msasa. Kisha nikaegemeza tumbo la boti kwa magogo juu ya trela (lita 100 za maji ni kilo 100, trela peke yake isiachiwe mzigo huo), nikatia maji ndani kina cha sentimita 10.

Kilichonipotosha awali ni kwamba tone hutambaa kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) na kudondoka mbali na tundu lake. Safari hii niliukausha vizuri upande wa nje, nikapaka unga wa chaki kwenye mistari yote ya riveti kabla ya kutia maji. Chaki hulowa kwanza palepale panapovuja. Riveti tisa, nikazitia alama.

Maji yakatolewa. Mwenzangu alikandamiza kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha riveti kwa nje, nami nikagonga mkia kwa ndani, mapigo mafupi. Saba zilikaza. Mbili matundu yalikuwa yamepanuka. Nikazitoa, nikaweka riveti za alumini nene zaidi, zisizo na tundu katikati, zilizopakwa gundi ya poliyurethani ya majini. Za chuma usiweke: kwenye maji ya chumvi, alumini inayozizunguka huliwa.

Nikajaza tena. Chaki ilibaki kavu.