Maji ya baridi kali: nilianza vibaya, ikabidi nianze upya

Mara ya kwanza niliingia kwenye pipa la maji ya barafu alfajiri, niko peke yangu, nyumba nzima wamelala na sijapima chochote. Nilikuwa nimeangalia video za watu wamekaa kwenye barafu wametulia kabisa, nikaona hii ni kukaza roho tu. Sasa nilivyozama mpaka shingoni pumzi ikaniruka, yaani nikavuta hewa kwa nguvu bila kutaka alafu nikaanza kuhema haraka haraka, kifua kimebana, siwezi kuita mtu, siwezi hata kuhesabu moja mbili, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Nikatoka, nikakaa chini pembeni ya pipa natetemeka, na kilichonitisha kuliko baridi yenyewe ni kuwaza kwamba ile pumzi ya kwanza kama ingenikuta kichwa kiko chini ningevuta maji badala ya hewa, na hakuna ambaye angejua mpaka kukuche.

Niliacha kama wiki mbili hivi. Ila nilikuwa bado nataka, kwa hiyo nikaanza kusoma kwanza, kitu ambacho nilitakiwa nikifanye mwanzo.

Kumbe kile kilichonipata kinajulikana kabisa, wanakiita mshtuko wa baridi, na hakihusiani na uoga wala ujasiri. Ngozi ikipoa ghafla mwili wenyewe unaamrisha uvute hewa, mapigo yanapanda, mishipa ya kwenye ngozi inajibana na presha inapanda, yote kwa mpigo mmoja. Kinakuwa kikali zaidi ndani ya sekunde 30 za kwanza alafu kinashuka chenyewe, dakika 1 mpaka 3 unakuwa umerudi sawa. Na maji hayahitaji kuwa ya barafu, nyuzi 15 tu za Selsiasi zinatosha kabisa kukupata. Kuna mtafiti Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza, huyu ameshughulika na haya mambo miaka mingi sana, na moja ya vitu walivyoonyesha ni kwamba ukiingia mara 5 au 6 tu, dakika chache chache kila mara, ule mshtuko unaweza kupungua hata kwa nusu. Hapo ndo nilipopata nguvu ya kurudi, maana nilielewa kwamba mwili unafundishika na siyo lazima nipambane nao.

Mwingine ni Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, yeye ana hesabu rahisi ya mtu aliyeangukia maji ya barafu: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Hii ilinigeuza mawazo kabisa, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kuganda wakati hatari iliyo karibu ni ile dakika ya kwanza, alafu ile ya mikono kuishiwa nguvu.

Kabla sijagusa pipa tena nikaenda kupima presha na kumuuliza daktari kuhusu moyo. Ilikuwa sawa. Naomba hapa mtu asiparuke, kama una presha, ugonjwa wa moyo, pumu, una mimba, au vidole vyako huwa vinabadilika kuwa vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi kidogo tu, ongea na daktari kwanza, na akikwambia usifanye basi usifanye. Dada yangu ana pumu, tukakubaliana yeye haingii majini ila atakuwa mtu wangu wa kukaa pembeni, na bila yeye mimi siingii. Alinikubalia kwa sharti moja, akisema toka natoka hapo hapo bila kubishana.

Nikaanza na shawa. Naoga maji ya kawaida, mwishoni nafungulia ya baridi sekunde 15, miguu kwanza, mikono, alafu mgongo na kifua mwisho. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutoa pumzi nje taratibu na kwa muda mrefu. Watu wanakazania kuvuta, lakini kwenye baridi kuvuta kunakuja kwenyewe, kinachokushinda ni kutoa, na ukishaweza kutoa pole pole kwa mdomo kama unapuliza mshumaa usizimike, mabega yanashuka na kichwa kinarudi. Wiki ya pili nilikuwa nafika dakika 1, ya tatu dakika 2.

Kwenye pipa nilirudi na temomita. Hiki kifaa ndo bora kuliko vyote, maana mkono unadanganya, maji ya nyuzi 18 na ya nyuzi 10 yote utayaita baridi tu lakini mwili hauyaoni sawa hata kidogo. Siku ya kwanza niliingia nyuzi 20, na hapo unaona kama hakuna lolote la kujivunia, lakini nilikaa dakika 2 naongea na dada muda wote. Tulikuwa na kipimo chetu, ananiuliza swali na mimi natakiwa nijibu sentensi nzima bila kukatika. Nikishindwa kumaliza sentensi ina maana pumzi sijaishika bado, na kama baada ya dakika 1 na nusu bado imekataa natoka. Kila nikizoea nashusha nyuzi 2 hivi, 18, 16, 14. Kuhusu barafu, usimwage tu kwa kukadiria macho. Lita 100 za maji kuzitoa nyuzi 25 mpaka 15 zinakula karibu kilo 10 na nusu za barafu, kiuhalisia hata zaidi kwa sababu pipa lenyewe na hewa vinarudisha joto. Na koroga kabla ya kupima, chini na juu huwa hayalingani.

Naingia kwa hatua, sijirushi. Nje ya pipa kuna kigoda kizito kisichoteleza, na ndani kuna kingine cha kukanyagia wakati wa kutoka, kwa sababu miguu ikishapoa haina nguvu zile ulizoingia nazo. Kichwa sizamishi kabisa. Uso ukiingia majini huku umebana pumzi mwili unataka kupunguza mapigo ya moyo, wakati mshtuko wa baridi unataka kuyapandisha, amri mbili zinapishana kwenye moyo mmoja na mapigo yanaweza kuvurugika. Na yale mazoezi ya kuhema haraka haraka alafu kubana pumzi, watu wanayafanya wakiwa ndani ya maji, jamani hapana. Yanaweza kukuzimisha ghafla bila dalili, na ukizimika kwenye maji umekufa hata kama ni ya kina cha kiuno. Kama unayapenda yafanye umekaa chini nchi kavu. Pombe nayo hata tusiijadili.

Kosa langu la pili lilikuja nikiwa tayari najiona nimeiva. Siku hiyo maji yalikuwa nyuzi 10, nikakaa dakika 5 badala ya 3, maana ilifika sehemu baridi ikawa kama imeondoka na nikajisikia vizuri sana. Nikatoka nikasimama pale na maji yangu mwilini tunapiga stori. Kama dakika 10 baadaye nikaanza kutetemeka vibaya, meno yanagongana, vifungo vya shati vimenishinda dada ndo akanifungia. Nikamwambia naenda kuoga maji ya moto, nikaingia, kidogo tu kizunguzungu kikanishika ikabidi nikae sakafuni.

Maelezo yake ni haya. Ukiwa ndani ya maji mishipa ya ngozini imejibana, ngozi na misuli vinapoa huku ndani bado kuna joto. Ukitoka lile joto la ndani linaendelea kuvutwa na zile sehemu zilizopoa, kwa hiyo kifuani na tumboni unazidi kupoa wakati tayari uko nje. Ndo maana mtu anatoka anacheka, anazidiwa baadaye. Na maji ya moto ghafla yanafungua mishipa ya ngozi yote, presha inaanguka, kichwa kinakosa damu. Toka siku ile kabla ya kuingia napanga nguo kwa mpangilio wa kuvaa, za kifuani ninazovaa kwanza ndo zinakaa juu, hakuna vifungo wala kamba, kofia ipo, soksi zipo. Nikitoka sipigi stori, najifuta, navaa tabaka tabaka, nakunywa kitu cha moto chenye sukari, natembea tembea taratibu. Naacha nitetemeke, hiyo ni mashine ya joto inafanya kazi. Ila mtetemo ukizidi kuwa mkubwa, au mtu akaanza kuongea kama amelewa na kuchanganya mambo, au akaacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi, huyo ni wa kupelekwa hospitali. Gari siendeshi kama nusu saa hivi, na kuoga ni baada ya mwili kupata joto lake wenyewe.

Nimepata nini? Kichwa kinakuwa chepesi masaa kadhaa, na ile subira ya pumzi nimeanza kuiona hata nikiwa kwenye jambo la presha kazini. Sikupona ugonjwa wowote na simwahidi mtu. Pia nabeba vyuma, na nimejifunza kutoingia kwenye baridi mara tu baada ya mazoezi ya kujenga misuli kwa sababu inapunguza ule ukuaji, kwa hiyo nimevitenganisha siku.

Saa hizi nabaki kati ya nyuzi 10 na 13, dakika 2 au 3, mara tatu kwa wiki, na dada anashika saa. Akisema toka natoka, hata nikiwa nahisi naweza kuendelea, tena hasa nikihisi hivyo. Tukimaliza namwaga maji yote na kuligeuza pipa mdomo chini, kila mara bila kuruka, kwa sababu kuna mtoto wa miaka mitatu hapa nyumbani na pipa lenye maji hata kidogo siliachi wazi.