Pasi, mchele na bibie aliyenipa kisogo

Aliyenishauri nipige pasi na alaaniwe. Si sana, kidogo tu, maana na mimi nilikuwa na akili zangu timamu.

Nilimkuta bibie Kyoto, kwenye gulio la hekalu la Toji, lile la kila tarehe 21 ya mwezi. Alikuwa kwenye kakejiku, picha ya kutundika inayoviringishwa kama mkeka, ndani ya boksi la mti wa kiri. Kavaa kimono, katupa mgongo, ukosi umeshuka, shingo nyeupe iko nje. Nilimnunua kwa bei ya jozi ya viatu. Nikajiaminisha ni kazi ya Uemura Shōen, yule mama wa Kyoto aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Utamaduni ya Japani, mwaka 1948. Sahihi haikufanana na yake hata kwa mbali, lakini tamaa haijui kusoma.

Kwamba imechorwa kwa mkono, hapo sikubahatisha. Kioo cha kukuzia cha yeni 100 hakikuonyesha vinukta vya mashine, na ukitazama kwa ubavu, weupe wa shingo umetuna kidogo. Hiyo ni gofun, unga wa magamba ya chaza.

Tatizo kingo: zilijikunja kama jani kavu la mgomba. Rafiki yangu, bingwa wa kila jambo, akasema, "Tandika kanga juu, piga pasi ya mvuke, dakika mbili tu." Nikamlaza bibie kifudifudi, nikatandika kanga, nikapitisha. Akanyooka! Nikajipongeza, nikaenda kuinjika chai. Kurudi, kimono kimeota malengelenge, moja kubwa kama sarafu hapo kiunoni, na hariri ya pembeni imesinyaa, picha nzima inavuta upande kama shati lililokosewa vifungo.

Mzee mmoja, fundi wa kazi hizi, alitazama akauliza neno moja: "Pasi?" Nikainamisha kichwa. Kumbe karatasi za nyuma hugandishwa kwa gundi ya wanga wa ngano makusudi, iachie ikipata maji, ili vizazi vijavyo viweze kubandua na kubandika upya. Mimi nilikuwa nimewaanzia wajukuu kazi yao sebuleni. Akabandua, akabandika, akaiwamba ubaoni wiki kadhaa. Nililipa mara nane, tisa hivi ya bei ya kununulia. Sikutaka kupiga hesabu sawasawa. Akaniuzia na futomaki, gogo la kuvisha kwenye mti wa chini ili mviringo uwe mnene na gofun isipasuke. Ningeanza na hilo.

Mwenye nyumba hataki misumari, kwa hiyo bibie ananing'inia kwenye reli ya pazia kwa kulabu. Ufito wa kumpandishia ni mpini wa ufagio niliofunga ndoano ya henga. Wajapani huning'iniza vizito viwili kwenye ncha za chini picha isipepee. Nikashona vifuko vya kitenge, nikajaza mchele. Nilijiona mjanja mwezi mzima, hadi nilipoona fukusi wanapanda kuelekea kwenye hariri. Sasa vina kokoto. Na siku za mvua simtundiki kabisa, ukungu hauna adabu.

Nikampigia mama simu ya video, nikamwonyesha kwa mbwembwe. Akakaza macho.

"Mwanangu, hela yote hiyo umenunua kisogo?"

Nikamwambia huku shingo ndiyo uzuri wenyewe. Akaniuliza kama uso ulikuwa bei zaidi.