Siku Moja Maishani Mwangu: Tanuri Jipya na Waya Uliodanganya

Saa 1:00 asubuhi. Kiwanda chetu cha Eneo la Viwanda, Nairobi, hakina bidhaa yake chenyewe. Tunaunganisha bodi za saketi kwa niaba ya kampuni nyingine, na wiki hii kazi iliyo mezani ni bodi ya mita ya umeme. Kwa kuwa tanuri litakaloilehemu ni jipya, mteja hatapokea hata bodi moja mpaka nimthibitishie kwa maandishi kwamba mashine imesimikwa ipasavyo, kwamba inafanya kazi ndani ya mipaka tuliyokubaliana, na kwamba inarudia matokeo yaleyale zamu baada ya zamu. Usimikaji tuliukamilisha wiki iliyopita. Leo ni zamu ya mipaka.

Saa 2:00. Makopo ya lehemu ya uji, yaani metali laini ya kugandishia vipuri kwenye bodi, yalitolewa kwenye friji saa kumi alfajiri, kwa hiyo yamezoea joto la chumba. Kopo likifunguliwa lingali baridi huvuta unyevu, na unyevu huo hutokota ndani ya tanuri na kurusha vitone vya lehemu. Lehemu yetu ni bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi. Mpango unataka kila kiungo, yaani mahali kipuri kinaposhikana na bodi, kifike kati ya nyuzi 235 na 248, na kikae juu ya 217 kwa sekunde 45 hadi 90.

Saa 3:15. Bodi ya majaribio inaingia ikiwa na nyaya sita za kupimia joto, kwa maana namba inayoonekana kwenye kioo cha tanuri ni ya hewa ya ndani, si ya bodi. Waya wa nne ukaleta nyuzi 256, ilhali jirani yake umeleta 241. Nilikuwa nimeshaanza kuishuku feni, mkono uko tayari kupunguza joto, fundi kijana anayenisaidia aliponizuia: "Injinia, hebu tazama hapa kwanza." Chini ya lenzi, ncha ya waya, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imejinasua na kuelea kama nusu milimita juu ya bodi, ikipima hewa. Kama ningepunguza joto, kiungo kingebaki kibichi huku karatasi ikisema kimeiva. Tukaufunga upya, tukarudia, ukaleta 242. Matokeo ya kwanza hayafutwi; yanabaki kwenye faili pamoja na maelezo na sahihi zetu wawili.

Saa 7:00 mchana. Tanuri tupu hufaulu kirahisi. Tukaingiza bodi 20 mfululizo, kila moja ikinyonya joto, na kiunganishi kikubwa kilichokalia shaba pana kikaishia 233. Tulipopunguza kasi ya mkanda unaobeba bodi kutoka sentimita 80 hadi 74 kwa dakika, kikapanda hadi 238, na kiungo chenye joto zaidi kikafika 246. Nafasi iliyobaki ni finyu kuliko ninavyopenda, ila imo.

Saa 9:30. Jaribio hili halikuwamo katika mpango wa mteja. Niliomba liongezwe, na anayeishi Nairobi hahitaji kuelezwa sababu. Tukakata umeme makusudi. Betri ikaendelea kuvuta mkanda na bodi tatu zilizokuwa ndani zikatoka bila kuungua. Opareta mmoja akauliza kwa nini tunazitupa ilhali zinang'aa; nikamjibu kwamba hakuna rekodi ya joto zilizopitia, na mng'ao hausainiwi.

Saa 11:00 jioni. Meneja wa ubora amesoma ripoti yote, kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho: cheti cha kuthibitisha usahihi wa vipimo vya kifaa chetu cha kurekodi joto kinaisha Ijumaa, na hatua ya tatu, yenye mikupuo mitatu ya uzalishaji katika zamu tofauti, inaanza Alhamisi. Nimeipigia simu maabara kabla hawajafunga. Kifaa kitapelekwa kesho saa mbili asubuhi.