Maji ya ziwa yanang'aa, ila yafuate mpaka kwenye kikombe

Huku Kigoma ukimwambia mtu maji ya ziwa sio salama anakushangaa, maana Tanganyika ikitulia ukiwa kwenye boti unaona mpaka mawe ya chini, sasa anajiuliza huo uchafu uko wapi. Mi huwa nawakumbusha Kagunga tu. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa pale kijijini maelfu kwa maelfu, vyoo hamna, wakanywa ziwa hili hili, kipindupindu kikaondoka na watu na waliougua walifika kama 3,000. Yale maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

Sasa kuna kitu kinaitwa mpango wa usalama wa maji. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, waliuweka kwenye mwongozo wao 2004, Wizara yetu ya Maji nayo 2015 ikatoa mwongozo wake. Jina linatisha ila wazo ni jepesi, yaani usikae kusubiri kupima maji yakishafika bombani, yafuate toka yanapovutwa ziwani, mtamboni, tenki la mlimani, mabomba, gati (pale kwenye bomba la mtaa watu wanapochota), dumu, mpaka mtungi wa nyumbani, na kila hatua ujiulize hapa yanaharibikaje, nani anaangalia, na akiona tatizo anafanya nini saa hiyo hiyo. Maana kipimo cha vimelea vya kinyesi kinalazwa maabara karibu siku nzima, majibu yanatoka watu walishakunywa na ugali walishasongea.

Tatizo ninaloliona mimi ni mipango ya kukopi. Chukua klorini, ile dawa ya kuulia vimelea kwenye maji. WHO wanataka baada ya dakika 30 ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita, lakini hapo hapo wameandika pH (kipimo cha uchachu au ualkali wa maji, ikizidi 7 ni ya alkali) iwe chini ya 8, na Tanganyika yetu pH yake inacheza kwenye 9! Kwenye pH hiyo ile klorini yenye makali inabaki kidogo sana, kwa hiyo kipimo kinaonyesha ipo, kumbe kuua inaua taratibu. Unatakiwa uyape maji muda mrefu zaidi tenkini kabla hayajashuka mtaani. Mpango uliokopiwa toka mji unaotumia visima hauwezi kukwambia hilo.

Alafu mgao, hapa ndo penyewe. Karibu miji yetu yote inao. Bomba lenye ufa likiwa na presha linavujisha nje, sawa, ni hasara ya maji tu, ila pampu zikizimwa au umeme ukikatika presha inashuka, na kwa mji wa milima kama huu maji yanakimbilia bondeni, huku juu bomba linabaki tupu linanyonya chochote kilicholizunguka, na mabomba mangapi yamepita ndani ya mitaro au pembeni ya choo cha mtu? Ndo maana maji yakirudi yale ya mwanzo yanatoka na tope na kina mama wanayaachia ya kudekia. Hawajasoma mwongozo wowote hao, wanajua tu.

Na nani anajua ufa uko wapi? Fundi bomba. Anajua kila kiungo alichofunga kwa raba ya tairi akisubiri vifaa ambavyo havikuja. Mama wa gati anajua siku gani maji yana harufu. Ila mpango ukiandikwa wanaitwa wataalamu, wanakaa hotelini, linatoka bonge la kitabu, linawekwa kabatini (vitabu vya hivi vina majalada mazuri sana sijui kwanini). Kwa maoni yangu fundi angepewa kalamu ya kuchora ramani ya viraka vyake tungepata kurasa chache zinazofanya kazi.

Nyumbani pia panasahaulika. Maji yanaweza kufika gatini safi kabisa, yakaingia kwenye dumu lililobeba mawese wiki iliyopita, yakachotwa mtungini na kikombe alichoshika mtoto katoka chooni. Ndoo yenye koki na mfuniko inapunguza sana hiyo, na bei yake haitishi.

Kama kwenu kuna kamati ya maji au mnakutana kwenye mkutano wa mtaa, ulizeni swali moja, klorini kwenye gati la mwisho kabisa, lile la juu mlimani, ilipimwa lini na nani kaandika? Kile kipimo cha vidonge kinachogeuza maji rangi ya pinki kinatoa jibu palepale, hakihitaji maabara.