Usiku wa La bohème, Vienna

Jana usiku mimi na rafiki yangu tulisimama karibu masaa matatu kwenye Opera ya Taifa, jumba la michezo ya kuimbwa, Vienna, Austria. Tiketi zetu zilikuwa zile nafuu za kusimama. Unafunga skafu yako kwenye chuma cha kuegemea kuwekea nafasi, na hakuna anayeigusa. Onyesho lilikuwa La bohème, mchezo wa kuimbwa wa mtunzi Mwitaliano Puccini, wa mwaka 1896. Hakuna maikrofoni jamani! Sauti ya mtu mmoja inavuka okestra nzima mpaka inatufikia sisi. Mimì, msichana mgonjwa kwenye hadithi, alipokata roho, wenzake wote walishajua isipokuwa Rodolfo, mpenzi wake. Akawatazama nyusoni, akaelewa, akaliita jina la Mimì mara mbili. Rafiki yangu alinishika mkono, machozi yanamtiririka. Tukatembea hadi stesheni bila kusema neno.