Kiingereza changu cha Mwanza kilivyonifikisha Kyoto

Wadau mnaouliza kama Japani mtu anatoboa bila Kijapani, anatoboa, ila usiongee kama unahutubia. Mi Tokyo nilianza na sentensi ndefuuu za shuleni, kaka wa tiketi akabaki ananitabasamia tu, nilipokata nikasema "Kyoto, wani" huku nimenyoosha kidole kimoja mambo yakaisha, masaa mawili na robo hivi Shinkansen, ile treni yao ya kasi, imenishusha Kyoto, muda ambao basi la kutoka Nyegezi kwenda Shinyanga hata halijafika.

Majina ya stesheni yapo kwa herufi zetu pia, tena yana namba, we hesabu tu. Eskaleta za Tokyo wanasimama kushoto, Osaka kulia, hapo nilikoholewa mgongoni mpaka nikaelewa. Hekalu la Fushimi Inari hapo Kyoto hamna kiingilio, yale mageti mekundu wahi alfajiri kabla watu hawajajaa.

Ila kilichoniua ni soko la Nishiki, hapohapo Kyoto. Dagaa wakavu kabisaa, harufu ya soko la samaki la Kirumba kwetu Mwanza ileile! Mama muuzaji Kiingereza hana, akachukua kalkuleta akabonyeza bei akanigeuzia. Nikanunua fasta, nafika hotelini ndo nakumbuka sina pa kukaangia.