Dawa za Zamani Mbele ya Virusi Vipya

Virusi vipya vinapozuka, madaktari hawana nafasi ya kusubiri dawa mpya, kwa kuwa safari ya dawa kutoka maabara hadi kuidhinishwa huchukua miaka mingi, ilhali wagonjwa wamo wodini leo. Ndiyo maana macho huelekezwa kwanza kwenye dawa zilizokwisha kuwapo: dozi zake zinajulikana, madhara yake yameandikwa, na viwanda tayari vinazitengeneza. Njia hii imewahi kuzaa matunda makubwa. Zidovudini, dawa ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya virusi vya UKIMWI mwaka 1987, ilibuniwa mwaka 1964 kwa nia ya kutibu saratani, ikashindwa kazi hiyo, ikawekwa kando. Mimi ni miongoni mwa wanaoiamini njia hii, na kwa sababu hiyohiyo naumia ninapoona inavyotumiwa kwa pupa.

Pupa hiyo mara nyingi huanzia kwenye seli zinazotumika maabara. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilionekana kwamba klorokwini, dawa ya malaria ya miaka mingi, inazuia virusi vya korona ndani ya seli za Vero, ambazo asili yake ni figo ya tumbili. Katika seli hizo virusi humezwa ndani ya kifuko kidogo, na haviwezi kutoka humo pasipo tindikali. Klorokwini huipunguza tindikali hiyo, navyo vikakwama. Seli za mapafu ya binadamu, hata hivyo, zina kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, ambacho huukata mwiba wa virusi, yaani protini ambayo kwayo hujishikiza kwenye seli, pale pale juu ya utando wa seli, virusi vikaingia bila kupita kifukoni. Watafiti walipoijaribu dawa ileile kwenye seli za mapafu, haikuvizuia. Ilikuwa sawa na kumweka mlinzi hodari kwenye lango ambalo mwizi halitumii. Nadhani kila tangazo la dawa ya zamani iliyoua virusi maabara lingepaswa kueleza, katika sentensi yake ya kwanza, ni seli za aina gani zilizotumika.

Swali la pili ni la kipimo. Ivamektini, dawa ya zamani ya minyoo na vimelea, ilizuia virusi vya korona maabara katika kiwango cha mikromola 5, kiwango kinachozidi kwa makumi ya mara kile kinachofikiwa katika damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa mezani kabla ya mgonjwa yeyote kupewa kidonge. Matokeo ya jaribio kubwa la Brazil yalipochapishwa mwaka 2022, likiwa na wagonjwa 1,358, dawa hiyo haikupunguza idadi ya waliohitaji kulazwa.

Pupa ina gharama, na gharama hiyo huwaangukia watu wasiohusika. Mwaka 2020 wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, na ambao hidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, ni tegemeo lao la kila siku, katika nchi kadhaa walihangaika kuitafuta dawa yao kwa sababu ilikuwa imenunuliwa na wenye hofu ya korona. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililopima dawa mbalimbali kwa wagonjwa wa korona waliolazwa, lilipotoa jibu, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 27 kwa waliopewa dawa hiyo na asilimia 25 kwa wasiopewa. Yaani haikuwa na faida yoyote.

Jaribio hilohilo ndilo lililoonyesha thamani halisi ya dawa za zamani. Deksamethasoni ni dawa ya bei nafuu, iliyokuwapo tangu miaka ya 1950, na haiui virusi hata kimoja. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili pale inapopandisha moto kupita kiasi na kuanza kuyaharibu mapafu ya mwenyewe. Wagonjwa walipewa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta nafuu yoyote, na hata uwezekano wa kuwadhuru haukuweza kuondolewa. Dawa ni moja, ugonjwa ni mmoja, lakini hatua ya ugonjwa ndiyo inayoamua. Kwa hiyo dawa iliyothibitika kuwa salama kwa mgonjwa wa ugonjwa mwingine, kama vile pumu, haijathibitika kuwa salama kwa kila mwenye virusi vipya.

Tofauti kati ya fujo na maarifa ni kugawa wagonjwa kwa kura, yaani bahati nasibu ndiyo iamue nani apewe dawa gani, na hili huwezekana hata katika mazingira magumu kabisa. Katika mlipuko wa Ebola mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huku kukiwa na vita, wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika jaribio la PALM lililoanza mwaka 2018. Remdesiviri, ambayo ilikuwa imechunguzwa awali kwa ajili ya virusi vingine, ilishindwa waziwazi na kingamwili mbili zilizotengenezwa mahsusi kwa Ebola.

Baadaye, nchini humohumo, tekovirimati, dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya ndui, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mpox, ugonjwa wa virusi ulio jamaa ya ndui. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini vifo katika makundi yote mawili, waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, vilikuwa asilimia 1.7, wakati kiwango kilichozoeleka nchini kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wagonjwa wote walikuwa wamelazwa, wakapewa lishe na maji ya kutosha, na maambukizi mengine waliyokuwa nayo yakatibiwa.